Mtapo wa Fideli

Kitete, Tabora
16 Juni 2024

Wifi yangu Veridiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi huku sijambo, ila baridi ya asubuhi inanishika magoti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu ya maneno na nusu unajijibia mwenyewe, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Ule mti mdogo wa marehemu, ulio pembeni ya tenki la maji, umetoa kitu. Unakumbuka Fideli alivyouleta kutoka huko Usinge mwaka wa harusi yetu, ameupakata ndani ya treni kama kifaranga. Alikuwa kibarua wa barabara, akauchimbua siku moja kabla greda halijapita juu yake. Miaka yote haukuzidi urefu wa goti langu. Wateja wanaokuja kununua miche ya miembe na michungwa huuliza hicho kimti ni cha nini, nami huwaambia hakiuzwi. Jina lake alitupa Najiat, rafiki yangu yule muuguzi, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mtu wa Pangani na huko wanao wa jamii yake. Wanauita mtapo.

Sasa katikati ya majani limesimama gunzi jembamba, na juzi magamba yake yaliachana yakamwaga unga wa njano. Huo unga ndio chavua. Kwa hiyo mtapo wetu ni dume. Miti hii imegawanyika, wifi: huu dume, ule jike, na dume peke yake hatazaa hata ukimwagilia mpaka kiama.

Ninachoomba ni hiki. Nyinyi wa jumuiya kila Jumapili ya Matawi mnakata majani pale ukingoni mwa msitu, mkidhani ni ukindu mchanga. Nenda ukaangalie vizuri. Ukindu, vijani vyake vimekunjwa katikati kama mfereji. Mtapo vijani vyake ni bapa, vigumu, na ukipitisha kidole pembeni utachomwa na vimiba. Shina hutaliona, liko chini ya ardhi kama kiazi kikuu, ndiyo maana moto ukipita unarudi kuchipua. Ukishaupata, tafuta wenye gunzi nene. Huo ndio jike.

Nasema wazi kwa nini. Fideli hakuacha mtoto. Siku ya kuanua matanga ulisimama mbele ya watu ukasema mwanamke huyu ametunyima hata jina la kuita. Sikukujibu siku ile na leo sikujibu. Lakini kitu pekee chenye uhai alichokiacha kwa mkono wake ni mti huu, na mimi nataka uzae kabla sijafa.

Ni mimi wifi yako,
Koleta


Usinge
7 Julai 2024

Wifi Koleta,

Milele amina. Barua yako imefika imekunjamana, nadhani yule kijana wa treni aliikalia toka Tabora. Baba yetu, Mzee Habimana, anakusalimu. Macho yake sasa anaona kivuli tu, lakini mdomo haujapungua hata kidogo.

Nimekwenda. Nilidhani unanitania, maana wewe na miti yako mna maneno mengi. Lakini nimekwenda na miwani ya mzee, nikainama mpaka kiuno kikalia. Ni kweli vijani ni bapa na vimiba vipo, vimenichoma. Nilivunja kimoja kikatoa ute kama wa bamia. Basi miaka yote hiyo tumempokea Bwana kwa mti ambao si mtende wala mkindu. Katekista nilipomwambia alicheka, akasema Bwana hakuwa anakagua majani.

Ila yamebaki machache, nisikudanganye. Mashamba ya tumbaku yamefika mpaka kwenye kile kichuguu kikubwa, na miti ya kukaushia tumbaku inakatwa kila siku. Moto nao umeshapita. Mingi ya mitapo imechipua majani mapya bila gunzi lolote. Mmoja tu, karibu na njia ile ya zamani ya misafara ya Ujiji, una kitu kifupi kinene kama nanasi lisiloiva. Nimeuzungushia miiba ili mbuzi wa watu wasiufikie. Leta huo unga.

Ya matanga usiyafufue. Nilikuwa nimezika kaka. Na kuna jambo jingine ninalo kifuani, lakini tumalize kwanza hili la mti.

Veridiana


Kitete, Tabora
14 Julai 2024

Wifi Veridiana,

Umenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Kwenye mfuko huu kuna kichupa cha dawa kilichokauka vizuri. Ndani ndimo mna unga. Nililaza gunzi juu ya gazeti, kabatini, nikasubiri lijimwage lenyewe. Usikifungue penye unyevu na usikiweke jua kali. Unyevu ukiingia unga unakufa, na kwa macho hutajua kama umekufa.

Usifanye haraka. Angalia lile gunzi nene kila ukipita. Siku magamba yake yatakapoachana kidogo, upenyo wa kupitisha ukucha, hapo ndipo. Chukua mrija wa soda, tia unga kidogo, upulize ndani ya nyufa kuzunguka pande zote. Rudia kesho yake na keshokutwa. Kisha magamba yatafunga yenyewe na wewe umwachie Mungu. Mbegu zake ni sumu, usiruhusu mtoto wa mtu aonje.

Na hilo la kifuani liseme. Tumeshakuwa watu wazima.

Koleta


Usinge
3 Novemba 2024

Wifi Koleta,

Nimekawia, unisamehe. Mvua zimeanza na mgongo wangu si wa jembe tena. Unga niliutia mwezi ule ule wa saba. Mimi sikuweza kupuliza, kifua kinabana, aliyepuliza ni binti ninayekaa naye hapa. Alifanya kama ulivyoagiza. Gunzi limefunga na linanenepa, tunalitazama kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Huyo binti ndiye jambo langu. Jina lake ni Uwimana. Mama yake alikuwa Jenifa, aliyekuwa akipika kwa wale vibarua wa barabara wakati Fideli akija huku kikazi. Jenifa alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Wifi, ni mtoto wa Fideli. Sikubuni mimi. Alikuja kaka mwenyewe, akakaa mbele ya mzee, akasema huyu ni damu yangu, nimemkubali. Mzee akaita wazee wa hapa wakashuhudia, pombe ikanywewa. Tangu hapo kila mwaka alileta sare na viatu. Alituapisha tusikuambie. Alisema hataki kukuumiza wewe ambaye Mungu hakukujalia.

Sikuandikii kukuchoma. Sote tulijua tatizo lilikuwa kwako, na kaka yangu alikuvumilia hakukufukuza, mwanaume mwingine asingefanya hivyo. Lakini mtoto amemaliza la saba na matokeo yametoka, amefaulu vizuri. Tunasikia atapangiwa shule ya kutwa hapo mjini. Hatuna mtu mwingine Tabora ila wewe. Mpokee. Mzee amekwisha kumtengea lile shamba la bondeni lililokuwa la Fideli, kwa hiyo hatakuja kwako kama ombaomba.

Ukimwona utamjua. Sura ni ya kaka.

Veridiana


Kitete, Tabora
10 Novemba 2024

Najiat dada yangu,

Salaam kwako na kwa wanao hapo Nzega. Nakuandikia kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu, wapangaji wangu wana masikio marefu. Kisha nikisema nitalia, na nimechoka kulia.

Fideli ana mtoto Usinge. Hivyo ndivyo wifi ameniandikia. Wewe ulikuwapo, ulikaa nasi kwenye ile benchi ya hospitali. Ulimsikia daktari akisema kwamba matubwitubwi ya utotoni yalimmaliza, kwamba hana mbegu hata moja. Tulipima tena, tukaenda kupima kwingine, majibu yakawa yale yale. Mimi nilikutwa sina kasoro. Tulipotoka pale alinishika mkono akasema, Koleta, watu wa kwetu wakijua hili sitaweza kutembea barabarani. Nikamwambia hawatajua. Waseme ni mimi. Najiat, nilijitwisha neno ugumba mbele ya mama yake mpaka mama yake akafa, nikalibeba mbele ya dada zake. Kwenye harusi niliambiwa nisimshike bibi harusi mkono. Nilivumilia kwa sababu nilidhani tumebeba wawili.

Kumbe mwenzangu alikwenda kwa baba yake, akakaa, akasema huyu ni damu yangu. Alijua kwamba haiwezekani. Alimchukua mtoto wa mtu akamfanya shahidi dhidi yangu. Na akanunua viatu, kwa fedha tuliyokuwa tukipanga wote juu ya mkeka wetu.

Sasa wananiomba nimlee. Nikisema ukweli, mtoto anapoteza baba, babu na shamba kwa siku moja. Nikinyamaza, ninakufa nikiitwa mgumba na Fideli anabaki mume mwema aliyenivumilia. Nimeusogelea ule mti nikiwa na jembe mkononi. Sikuukata, lakini nilisimama pale muda mrefu.

Niambie kitu.

Koleta


Nzega
17 Novemba 2024

Koleta,

Waaleykum salaam. Nimeisoma barua yako kisha nikaichana, kama ulivyotaka bila kusema.

Sitamtetea Fideli. Nitakuambia ninachokijua. Alinijia peke yake baada ya yale majibu, akaniuliza kama hospitali zinaweza kukosea. Nikamwambia mara moja huweza, mara zote hapana. Akainama, akaniuliza, basi mwanamke akiniambia mtoto ni wangu anadanganya? Nikamjibu ndiyo. Akaondoka hajaaga. Kwa hiyo alijua, kama ulivyosema. Nadhani alitaka sana kuitwa baba mahali pamoja tu duniani, akachagua mahali ambapo wewe hukuwapo. Ni unyonge. Sina jina jingine.

Usinitake nikushauri uwe malaika. Ukitaka kusema, sema, haki ni yako na mimi nitasimama shahidi. Ila usiseme siku ambayo una hasira, na usiseme kwa barua. Karatasi ikishafika Usinge itasomwa na ambao hukuwaandikia.

Najiat


Kitete, Tabora
1 Desemba 2024

Wifi Veridiana,

Habari ya mtoto nimeipata. Chumba cha uani nimekipangisha na sina nafasi nyingine. Tafuteni bweni.

Kuhusu gunzi, usilikate. Litapasuka lenyewe.

Koleta


Usinge
9 Machi 2025

Wifi,

Aliyekupa barua hii mkononi ni Uwimana. Usimfukuze mlangoni, amesafiri kwa treni na hajala.

Nilipopata karatasi yako ya Desemba nilisema maneno ambayo padre amekwisha kuyasikia, sitayarudia. Bweni hatukupata. Wenzake wameanza masomo tangu Januari, yeye amekuwa shambani akichuma tumbaku ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi. Tumeambiwa mwisho wa kuripoti ni mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo nafasi inapotea.

Lakini kilichonifanya nimpakie kwenye treni si shule peke yake. Kuna dereva mmoja wa malori ya tumbaku, anaitwa Ngollo. Alikuwa akija hapa zamani. Sasa amerudi, akakaa kilabuni akasema kwamba Jenifa alikuwa wake na binti ni wake. Mimi nilimfuata na mchi, akakimbia. Lakini maneno yamefika kwa mzee. Mzee haoni, kwa hiyo hawezi kutazama sura akajiridhisha. Ameniuliza, kwa nini mke wa Fideli alimkataa huyu mtoto? Kuna kitu anakijua? Ndugu zangu wadogo nao wamelikodolea macho lile shamba, wanamtia maneno. Mzee amesema hatatia dole gumba kwenye hati ya shamba mpaka wewe useme.

Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake, na barua yako nitamsomea mbele ya wote. Mliishi wawili, mlikwenda hospitali, nyinyi ndio mnajua. Kosa la kukosa mtoto lilikuwa la nani? Na ukimtazama huyu binti, unamwona Fideli au humwoni? Jibu kwa neno lako, tutalifuata.

Mbegu za mtapo zimo kwenye mkoba wake. Gunzi lilipasuka lenyewe wiki iliyopita. Ni nyekundu, nzuri kuliko shanga. Yeye ndiye aliyelinda ule mti wakati wote mimi ninaumwa. Anaogopa kukuuliza kama alipuliza vizuri.

Veridiana


Kitete, Tabora
30 Machi 2025

Wifi Veridiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Uwimana alifika salama. Nilimkuta getini amekaa juu ya mkoba wake, kwa sababu mpangaji alimwambia sipo naye hakutaka kuingia nyumba ya mtu asiyemjua. Alinipa shikamoo, akanipa mbegu kabla hajanipa barua. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumrudisha. Nilimpa maji ya kuoga nikiwa bado nina maneno hayo mdomoni, kisha nikampa chakula, kisha kukawa kumeingia jioni na treni ya kurudi haipo.

Kwanza mbegu, maana najua unasubiri. Tulizimenya kwa glavu, kwa sababu ile nyama nyekundu inawasha ngozi. Tukazisugua kwa mchanga mpaka zikabaki nyeupe, ngumu, kubwa, mtu yeyote angeziona angesema zimekamilika. Kisha tukazitia kwenye beseni la maji. Mbegu nzima huzama. Zile zote zilielea. Tulizikoroga, tukaziacha mpaka kesho yake, zikaelea. Nilipasua moja kwa nyundo, ndani mna utando mkavu na nafasi tupu. Mtapo jike hukuza mbegu zake hata kama hakuna kilichoingia, wifi. Hunenepa, hupata rangi, huanguka kwa wakati wake, na ndani hamna kitu.

Mtoto aliinama juu ya lile beseni akaniuliza kama alipuliza vibaya. Nikamwambia hapana, unga ulikuwa umekufa tangu ulipotoka kwangu. Sijui kama alinisadiki. Nilihuzunika, na sitakuficha, nilihuzunika kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Dume hajaonyesha dalili ya gunzi jingine. Ilichukua ndoa yangu yote kulitoa lile la kwanza, na mimi sitafika mara ya pili.

Matawi ni wiki mbili zijazo. Nakuomba waambie wanajumuiya wasiguse yale majani. Wakakate ukindu wa kweli kule mtoni, wenye vijani vilivyokunjwa. Yule jike atahitaji kila jani alilonalo ili ajaribu tena, hata kama sisi hatutakuwapo.

Shule nimempeleka mwenyewe, amepokelewa. Mpangaji wa chumba cha uani nimemwomba ahame. Kwenye fomu nimeandika jina lake kama linavyopaswa kuwa, Uwimana Fideli Habimana.

Sasa haya ndiyo ya kumsomea mzee, yasome taratibu na wadogo zako wawepo.

Baba, shikamoo. Mimi Koleta, mke wa mwanao. Nilimkataa mtoto kwa wivu, si kwa jingine. Nimekaa naye sasa na nimemtazama kwa makini. Mimi kazi yangu ni kutazama miche na kujua ni ya mti gani, watu wananilipa kwa kazi hiyo, kwa hiyo msidhani nimebahatisha. Huyu ni Fideli. Paji la uso ni lake, masikio ni yake, hata anavyoinamisha kichwa akiulizwa jambo. Dereva huyo ni mwongo. Tia dole gumba kwenye hati.

Na hilo mliloniuliza, nalijibu mara moja na nisiulizwe tena. Tulikwenda hospitali, Fideli na mimi, tukapimwa wote. Fideli hakuwa na kasoro. Daktari alisema ni mimi.

Mkwe wako,
Koleta Mhoja